Sampu ya Tangi la Samaki Inaposumbua: Soma Kiwango cha Maji Kwanza

Sampu ni tangi la chini, lenye vyumba, linalopokea maji yanayofurika kutoka tangi la samaki na kuyachuja kabla pampu haijayarudisha juu. Maji hushuka kwa uzito wake tu, na hupanda kwa pampu tu. Ndiyo maana karibu kila hitilafu, iwe mafuriko sakafuni, kelele, mapovu au pampu kuungua, huanza kuonekana kama kiwango cha maji kisichokuwa mahali pake. Wengi hukimbilia kubadilisha pampu, ilhali pampu ndiyo ya kushukiwa mwisho.

Angalia viwango vitatu kabla ya kugusa koki yoyote: ndani ya boksi la kufurikia (lile lenye kichana, yaani ukingo wenye meno ya kupitishia maji, ukutani mwa tangi la juu), katika chumba cha kwanza cha sampu chenye soksi (mfuko wa kitambaa wa kuchujia) au sponji, na katika chumba cha pampu. Siku mfumo unapofanya kazi vizuri, bandika kipande cha tepu kwenye kila kiwango. Kisha zima pampu, subiri maji yatulie, ubandike tepu ya pili kwenye sampu. Bila alama hizo utakuwa unakisia.

Hesabu zilizomo humu zinatumia mfano mmoja: tangi la sm 120 × 50 × 50, lenye lita 300, na sampu ya sm 75 × 35 × 40. Ni ukubwa unaofaa kundi la mbuna wa Ziwa Nyasa au Tropheus wa Tanganyika, samaki wanaokula sana na kuchafua sana. Katika tangi hilo kila sentimita moja ya kina ni lita 6 (120 × 50 × 1 ÷ 1,000). Katika sampu, sentimita moja ni lita 2.6. Piga hesabu hizo mbili kwa tangi lako kabla ya kuendelea, kwa sababu utazirudia mara nyingi.

Umeme ukikatika, sampu inafurika

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linaloharibu sakafu. Pampu ikisimama, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Maji yaliyo juu ya ukingo wa kichana huendelea kushuka hadi yafike usawa wa ukingo. Wakati huohuo bomba la kurudisha maji hugeuka saifoni: linavuta maji kutoka tangi la juu kurudi kwenye sampu kupitia pampu iliyozimika, na halisimami hadi mdomo wake uingize hewa.

Mdomo huo ukiwa sm 5 chini ya uso wa maji, tangi letu la mfano litashusha lita 30. Ongeza lita 5 hivi zilizomo kwenye mabomba na boksi. Lita 35 zikiingia kwenye sampu yenye lita 2.6 kwa sentimita, maji yatapanda sm 13.5. Sampu ina kina cha sm 40. Ukiacha sm 4 za tahadhari, maji wakati pampu inafanya kazi hayatakiwi kuzidi sm 22. Tahadhari hiyo si ya anasa: sponji na mawe ya bakteria (wanamoishi bakteria wanaosafisha maji) huchukua nafasi, hivyo maji hupanda zaidi ya hesabu ya karatasini. Vioo vya kugawa vyumba navyo visizidi sm 21, kwa sababu kiwango katika vyumba vya mwanzo hupangwa na urefu wa vioo hivyo, na maji hupita juu yake kwa unene wa karibu sentimita moja.

Dawa ya kwanza ni kuinua midomo ya kurudishia iwe sm 1 au 2 tu chini ya uso wa maji. Hatua hiyo peke yake hupunguza maji yanayorudi kutoka lita 30 hadi kama 12. Dawa ya pili ni tundu la kuvunja saifoni: toboa tundu la mm 4 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, likielekea ndani ya tangi ili lisirushe maji nje. Tundu hili huzibwa na mwani na konokono wadogo, kwa hiyo lisafishe kila unapobadilisha maji. Tundu la mm 2 huziba ndani ya muda mfupi, usijisumbue nalo.

Valvu ya njia moja usiitegemee. Siku ya kwanza inafunga vizuri. Baadaye utando wa uchafu au ganda moja la konokono linaishikilia wazi, na huwezi kuliona. Ukitaka iweke, lakini sampu yako iwe na nafasi ya kutosha kana kwamba haipo.

Mfumo uliokuwa salama ukianza kufurika ghafla, tafuta mambo matatu kwa mpangilio huu: mtu ameongeza maji kupita alama, tundu limeziba, mdomo wa kurudishia umesukumwa chini na samaki au wakati wa usafi. Kisha jaribu. Zima pampu swichini ukiwa umesimama hapo na ndoo mkononi, na usiondoke mpaka maji yaache kushuka kabisa. Usisubiri umeme ukatike usiku ndipo ujue.

Tangi la juu linafurika, chumba cha pampu kimekauka

Hapa njia ya kushukia imeziba au imepoteza saifoni, na pampu inaendelea kusukuma. Kwenye tangi lililotobolewa, angalia kichana kwanza (majani, mwani, samaki aliyekufa), halafu mdomo wa bomba la kushukia, halafu koki. Nafasi kati ya meno ya kichana iwe mm 5 hadi 6. Ikiwa pana zaidi, vifaranga vya samaki hupita na kuishia kwenye soksi. Wafugaji wa mbuna hukuta vifaranga wakinenepa kwenye sampu mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Kwenye boksi la kuning'iniza, lile la tangi lisilotobolewa, mhalifu ni bomba la U, linalovusha maji juu ya ukingo wa kioo. Vipovu vya hewa hujikusanya kwenye kona ya juu mpaka mnyororo wa maji unakatika. Hutokea zaidi mtiririko ukiwa mdogo, kwa sababu maji yaendayo polepole hayana nguvu ya kusukuma vipovu nje. Tumia bomba la U lenye kipenyo kidogo badala ya kikubwa, na liwe la rangi ya kioo ili uone hewa ikianza kukusanyika.

Usalama wa kweli unatokana na ukubwa wa chumba cha pampu. Chumba cha sm 20 × 35 chenye maji ya sm 20, pampu ikiacha kuvuta maji yakibaki sm 4, kinaweza kutuma juu lita 11.2 tu. Hiyo ni chini kidogo ya sm 2 katika tangi la mfano. Ukiwa umeacha sm 3 kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo, hakuna tone litakalomwagika. Chumba cha pampu kikubwa kinaonekana kizuri, lakini kinakunyima kinga hii.

Sasa kuna mtego. Ukiwa na boya la kuongeza maji yenyewe, boya linaona chumba cha pampu kinashuka na kudhani maji yamevukiza. Litaendelea kuongeza. Kwa mfano wetu, ndoo ya akiba ya lita 20 ikiisha yote, juu zitafika lita 31 wakati nafasi iliyopo ni lita 18. Lita 13 zitamwagika. Akiba ya maji ya boya isizidi lita 6 kwa tangi kama hili, na boya lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la mjini, ambalo halina mwisho na lina klorini.

Kinga bora zaidi ni bomba la pili la kushukia, kavu, ambalo mdomo wake uko sm 2 juu ya kiwango cha kawaida ndani ya boksi. Lipime kwa kuziba bomba kuu kwa kitambaa huku pampu ikifanya kazi. Likishindwa kubeba maji yote, si la dharura.

Kelele

Kelele zina sauti tofauti na kila sauti ina chanzo chake.

Sauti ya kukoroma inayokuja na kupotea, kama choo kinachomaliza kuvuta maji, inatoka kwenye bomba la kushukia. Maji na hewa vinagombania nafasi: bomba linajaa, saifoni inaanza, boksi linashuka haraka, hewa inaingia, saifoni inakatika, mzunguko unarudi. Utaona kiwango ndani ya boksi kikipanda na kushuka sm 3 au zaidi. Kwenye bomba moja la mtindo wa Durso, lenye tii (kiungo cha umbo la T) na kifuniko juu, tatizo ni tundu la hewa la kifuniko. Anza na tundu la mm 2, ongeza kidogo kidogo hadi kiwango kitulie. Tundu dogo mno huacha saifoni ianze. Kubwa mno hufanya maji yaanguke kwa kishindo. Weka kipande cha mpira mwembamba wa hewa kwenye tundu na koki ndogo ya pampu ya hewa, urekebishe kwa vidole bila kutoboa tena.

Lakini kama pampu inatuma maji mengi kuliko bomba linavyoweza kubeba likiwa na hewa ndani, hakuna tundu litakalokusaidia. Punguza pampu, au hamia kwenye saifoni kamili ya mtindo wa Herbie: bomba kuu linajaa maji tupu bila hewa na linapunguzwa kwa koki, huku bomba la pili kavu likisubiri dharura. Mfumo huu hausikiki kabisa ukirekebishwa vizuri. Mtindo wa BeanAnimal huongeza bomba la tatu, lenye hewa, linalobeba maji kidogo ya ziada, hivyo haudai kurekebishwa kila mara.

Koki ya saifoni iwe ya kuzungusha mizunguko mingi, geti valvu. Ile ya mkono wa robo mzunguko haifai, kwa sababu milimita moja ya mkono ni tofauti kati ya ukimya na mafuriko. Geuza robo mzunguko, subiri dakika tano kiwango kitulie, ndipo ugeuze tena. Anayegeuza kila nusu dakika hatamaliza leo.

Saifoni isipoanza yenyewe umeme ukirudi, angalia mdomo wa chini wa bomba. Ukizama zaidi ya sm 2 au 3 ndani ya maji ya sampu, hewa iliyonaswa bombani inashindwa kutoka. Kata bomba. Ni kasoro ya mara kwa mara na marekebisho yake ni msumeno tu.

Sauti ya maporomoko inatoka kwa maji yanayoanguka kutoka kichana hadi ndani ya boksi. Inua bomba la ndani ili anguko lisizidi sm 4. Mngurumo wa kabati zima ni mtetemo wa pampu: iweke juu ya kipande cha sponji, na kati ya pampu na bomba gumu la PVC weka mpira laini wa sm 10.

Mapovu madogo kama vumbi kwenye tangi la juu

Kwanza jua mapovu yanaingilia wapi. Angalia chumba cha pampu kwa tochi. Ukiyaona humo, vioo vya kuzuia mapovu havifanyi kazi. Maji ya chumba yakiwa safi na juu kuna mapovu, pampu inavuta hewa yenyewe.

Vioo vya mapovu ni vitatu: cha kwanza kimegusa sakafu na maji yanapita juu, cha pili kimeinuliwa sm 3 hadi 4 na maji yanapita chini, cha tatu kimegusa sakafu tena. Nafasi kati yao iwe sm 3 hadi 4. Wengi hubana sm 1.5 ili kuokoa nafasi. Maji yanapita kwa kasi na kuyabeba mapovu kabla hayajapanda. Kosa jingine ni chumba cha pampu kuachwa kishuke sana, hivyo maji yanaporomoka kutoka kioo cha mwisho na kutengeneza mapovu mapya baada ya mtego. Kuongeza lita 3 za maji hutibu hilo papo hapo. Kama huwezi kusogeza vioo, jaza nafasi kati yao kwa sponji ya matundu makubwa, ukumbuke kuiosha.

Pampu ikivuta hewa, mdomo wake uko karibu mno na uso wa maji na utaona kizingia kidogo juu yake. Uwe na sm 10 za maji juu. Kwa pampu iliyo nje ya maji, shuku yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa kwa mkono) upande wa kuvutia: upande huo hauvuji maji nje, bali huvuta hewa ndani, ndiyo maana ni vigumu kuugundua. Paka mafuta ya mgando kuzunguka kiungo. Mapovu yakikoma, umempata.

Chumba cha pampu kinashuka kila siku

Ni uvukizi. Katika sampu, vyumba vya mwanzo hubaki palepale na upungufu wote huonekana chumba cha mwisho, kwa hiyo lita 3 zinaonekana kama janga. Weka alama, ongeza maji yaliyoondolewa klorini. Kwa mwenye hita (Arusha, Mbeya na Nairobi utaihitaji), iweke chumba ambacho kiwango chake hakishuki, si chumba cha pampu. Hita ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka hupasuka.

Upungufu ukizidi ghafla na hewa haijabadilika, kuna mahali panavuja.

Kuvuja

Tenki konekta, kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo, ndiyo ya kwanza. Washa (pete) ya mpira hukaa upande wa kichwa kipana, ule wa ndani ya maji, si upande wa nati. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Kukaza zaidi hupasua kioo. Tepu nyeupe ni ya nyuzi tu, gundi ya PVC ni ya viungo laini tu, na gundi hiyo iachwe saa 24 kabla ya maji. Silikoni ya vioo iwe ile isiyo na dawa ya kuvu. Ya bafuni mara nyingi inayo, na dawa hiyo huua samaki. Kioo cha sampu kikivuja kati ya chumba na chumba bila kumwaga nje, kiache, ilimradi kichujio hakirukwi.

Maji ni safi kwa macho, samaki wanahema juu

Pima amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki. Maji angavu hayasemi lolote kuhusu hizo mbili. Sampu mpya huhitaji wiki 4 hadi 6 bakteria waote vya kutosha. Kwa samaki wa maziwa yetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji yao yana pH ya juu: kwenye nyuzi 26, amonia iliyo katika hali ya sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, lakini hufika kama asilimia 16 pH ikiwa 8.5. Kipimo kilekile kinachovumilika katika tangi la tetra, samaki wa maji ya pH ya chini, kinaweza kumaliza Tropheus.

Sampu ya zamani ikitoa amonia, chanzo ni kimoja kati ya hivi. Mawe yameoshwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Yaoshe ndani ya ndoo ya maji ya tangi, nusu leo na nusu baada ya wiki mbili. Au maji yanapita pembeni ya mawe badala ya katikati: dondosha chembe chache za chakula cha samaki uone zinaelekea wapi. Au soksi imeziba na maji yanafurika juu yake, yakibeba uchafu hadi kwenye mawe. Soksi ibadilishwe kila siku 3 hadi 7. Ikikaa mwezi inageuka kiwanda cha nitrati.

Mawe ya bei mbaya si lazima. Sponji, mawe ya volkano na brashi za plastiki za kusugulia sufuria (zisizo na sabuni wala waya) hubeba bakteria vizuri.

Mtiririko umepungua, au pampu inanguruma bila kuzunguka

Pima kabla ya kulaumu. Kinga maji yanayorudi kwa ndoo ya lita 10: ikijaa kwa sekunde 24, una lita 1,500 kwa saa, yaani tangi la lita 300 linazungushwa mara tano, na hiyo inatosha. Namba ya kwenye boksi la pampu ni ya kimo sifuri. Pampu ya lita 3,000 yenye kimo cha juu cha mita 3 hutoa karibu nusu tu ikipandisha mita 1.5, na kila elbo (kona ya bomba) hupunguza zaidi.

Ikiwa ilikuwa nzuri ikadhoofika, fungua impela, kigurudumu cha ndani kinachosukuma maji. Loweka kwenye siki saa moja kuondoa chokaa, sugua tundu lake kwa mswaki wa zamani. Pampu inayonguruma umeme uliporudi, mara nyingi ina chembe ya mchanga au ganda la konokono kwenye impela. Chomoa waya kwanza, ndipo utie mkono. Ikisumbua tu ukiwa kwenye inveta, huenda inveta yako haitoi wimbi laini: pampu hupata joto na kutetema. Na pampu iliyotoka Marekani au Saudia ikiwa imeandikwa Hz 60 pekee itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita kwenye umeme wetu wa Hz 50. Transfoma inabadilisha volti tu, Hz inabaki ileile.

Waya wa pampu uache ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke sakafuni. Ekstensheni ifungwe ukutani mwa kabati, juu ya ukingo wa sampu.